Mwamba Upi Ukupe Maji: Mchanga, Mfinyanzi, Chokaa, Graniti au Lava?

Anayetaka kuchimba kisima karibu kila mara huanza na swali moja: maji yako mita ngapi? Ni swali la haki, maana kila mita ya kuchimba ina gharama yake. Ila kina peke yake hakikuambii kisima kitatoa nini kiangazi kikikolea. Visima viwili vya mita 50, kimoja huku na kingine ng'ambo ya bonde, vinaweza kutofautiana kabisa: kimoja kinalisha mji mzima, kingine kinatoa ndoo kumi na pampu inaanza kuvuta hewa. Tofauti iko kwenye kile kilichotobolewa.

Utasema mwamba hauchaguliwi, unaukuta ulipo. Ni kweli nusu. Mwamba wa eneo umeshapangwa, lakini bado yapo mengi ya kuamua: utoboe bondeni au kwenye mwinuko, uishie tabaka la juu au ushuke mpaka la pili, uchimbe kisima kipana cha mkono au chembamba cha mtambo, ufunge pampu ya mkono au ya umeme. Yote hayo yanategemea namna mwamba unavyoshika maji, na zaidi ya hapo unavyoyaachia. Hukumu yangu naitoa mapema: kati ya kushika na kuachia, tazama kuachia kwanza.

Kushika maji si kuyaachia

Wengi wakisikia maji ya chini ya ardhi hufikiria mto au ziwa lililofichika huko chini. Ukiondoa mapango ya chokaa na mirija ya lava (mwamba wa volkano uliotiririka ukaganda), hakuna kitu kama hicho. Maji yamekaa kwenye mianya iliyo kati ya punje za mchanga, au ndani ya nyufa za mwamba, na mianya mingi ni midogo kuliko punje ya chumvi.

Unaweza kuliona hili kwa macho. Chukua chupa mbili za plastiki, uzikate sehemu ya juu. Moja ijaze mchanga mkavu wa mto, nyingine udongo mkavu wa mfinyanzi uliopondwa. Mimina maji kwa kikombe kidogo kidogo, ukihesabu, hadi yaonekane juu. Mchanga utamaliza kunywa haraka. Mfinyanzi utachukua muda mrefu, lakini utakunywa sawa na mchanga au zaidi. Sasa toboa kila chupa upande wa chini. Chupa ya mchanga itamwaga maji yake mengi ndani ya dakika chache. Ya mfinyanzi itatoa matone, kisha kimya, na ukiingiza kidole ndani utakuta udongo umelowa chepechepe.

Kwa tarakimu ni hivi. Mita moja ya ujazo ya mfinyanzi uliojaa maji inaweza kuwa na lita 400, 500, hata 600. Ukiiacha ijikamue kwa uzito wa maji yenyewe, itakupa lita 20 au 30 tu, pengine pungufu. Mita ya ujazo ya mchanga wa wastani hushika lita 300 hadi 400, na huachia kama 250. Yaani anayeshika zaidi ndiye anayetoa kidogo. Sababu ni kwamba maji hugandamana na uso wa punje, na kadiri punje zinavyokuwa ndogo ndivyo jumla ya nyuso zake inavyokuwa kubwa. Taulo lililolowa ukilitundika hudondosha kidogo, kisha huacha kudondosha huku bado ni zito kwa maji. Mfinyanzi uko vivyo hivyo.

Jambo la pili ni mwendo. Mwaka 1856 mhandisi wa Ufaransa, Henry Darcy, alichapisha majaribio aliyoyafanya mjini Dijon kwa kupitisha maji kwenye mitungi iliyojaa mchanga. Alionyesha kuwa maji yanayopita huongezeka kadiri tofauti ya msukumo inavyoongezeka, na kwamba kila aina ya mchanga ina kiwango chake cha kupitisha. Kiwango hicho ndicho hadi leo hutumika kulinganisha miamba, na kati ya changarawe safi na mfinyanzi mzito tofauti hufika mara bilioni moja na kuzidi. Kwenye mchanga maji husafiri sentimita kadhaa hadi karibu mita moja kwa siku. Kwenye mapango ya chokaa yanaweza kwenda kilomita nzima kwa siku hiyo hiyo.

Mchanga na changarawe: pa kuanzia, kama unapo

Ukiwa na uhuru wa kuchagua, anza hapa. Mchanga na changarawe hupatikana kwenye mabonde ya mito, chini ya miteremko ya milima na kwenye mikondo ya kale ambayo mto umeshaihama. Kisima kizuri kwenye changarawe kinaweza kutoa makumi ya lita kwa sekunde, kiwango ambacho miamba mingine mingi haifikii hata robo.

Lakini tazama usafi wa punje. Punje zikiwa za ukubwa mmoja, mianya inabaki wazi. Zikichanganyika, ndogo zinajipenyeza kati ya kubwa, na tope linaziba kilichobaki. Changarawe yenye tope ikishikwa mkononi hupaka vidole. Ile safi huanguka bila kuacha kitu. Mchimbaji anayekuambia "tumefika changarawe" bila kukuonyesha sampuli hajakuambia lolote.

Ukarimu wa mchanga nao una mtego wake. Tambarare za kati za Marekani zimekalia tabaka kubwa la mchanga na changarawe liitwalo Ogallala, lililoshushwa na mito kutoka Milima ya Rocky, lenye eneo la takribani kilomita za mraba 450,000 chini ya majimbo 8. Visima vyake vimemwagilia mashamba makubwa tangu katikati ya karne ya 20. Sehemu za Kansas na Texas usawa wa maji umeshuka zaidi ya mita 30, kwa sababu mvua inayozama huko ni haba na uchotaji ni mkubwa. Mchanga uliachia maji kirahisi, ukafanya watu waamini kuwa yanarudi kirahisi vilevile.

Kero ya kila siku ni mchanga kuingia kisimani. Kesingi ya kawaida, yaani bomba linalozuia kuta za kisima zisibomoke, haitoshi. Linatakiwa bomba la matundu membamba kwenye tabaka lenye maji, na changarawe ya kuchuja kulizunguka. Ukiona maji yanaacha mchanga chini ya ndoo kila siku, pampu yako inasagika taratibu.

Tusisahau mito ya msimu, ile inayobaki mchanga mtupu kwa miezi mingi. Chini ya mchanga huo mara nyingi kuna maji, na huko Kitui na Machakos nchini Kenya watu hujenga mabwawa ya mchanga: ukuta wa zege au mawe unaokinga mto, mchanga ukajaa nyuma yake, maji yakabaki ndani ya mchanga. Jua linaloyanyonya maji ya bwawa la wazi linashindwa hapo, kwani usawa ukishuka nusu mita au zaidi chini ya uso wa mchanga mnene, uvukizi unapungua sana.

Mfinyanzi: usiuchimbie, ila usiudharau

Hakuna wa kukushauri uweke kisima kwenye mfinyanzi. Hata hivyo mfinyanzi ulio juu ya mchanga unaweza kuwa bahati yako. Unazuia uchafu wa vyoo, mazizi na mashamba usishuke upesi, na unaweza kuyabana maji ya tabaka la chini hata yakawa na msukumo. Ukitoboa, maji hupanda juu ya pale ulipoyakuta, na mara nyingine hububujika yenyewe.

Hapo watu hufurahi mapema mno. Mchanga usiofunikwa, usawa wake ukishuka mita moja, hutoa kama lita 200 kwa kila mita ya mraba, kwa sababu mianya inamwagika kweli. Mchanga uliobanwa chini ya mfinyanzi, msukumo ukishuka mita hiyo hiyo moja, kwa kawaida hutoa lita chache tu au hata chini ya lita moja. Mianya haijamwagika, maji yametanuka kidogo na punje zimekazana kidogo, basi. Ndiyo maana visima vya namna hii huathiriana kutoka mbali. Australia, kwenye bonde kubwa la Great Artesian lenye eneo la kilomita za mraba milioni 1.7, visima vilivyochimbwa tangu mwishoni mwa karne ya 19 viliachwa vibubujike ovyo usiku na mchana. Msukumo ukashuka, vingi vikaacha kububujika, na serikali zikalazimika kugharimia kuvifunga na kuweka mabomba.

Halafu mfinyanzi wenyewe nao unakamuliwa. Uchotaji mkubwa ukiendelea miaka mingi, maji yake hutoka polepole kuelekea kwenye mchanga, na udongo unajikaza. Bonde la San Joaquin huko California lina picha maarufu ya mwaka 1977: mtaalamu Joseph Poland amesimama kando ya nguzo ya umeme yenye vibao vya miaka, na kibao cha 1925, kinachoonyesha uso wa ardhi ulipokuwa, kiko karibu mita 9 juu ya nyayo zake. Ardhi iliyodidimia hivyo hainyanyuki tena hata maji yakirudi. Ile nafasi ya kuhifadhia imepotea moja kwa moja.

Jiwe la mchanga

Huu ni mchanga uliogandishwa kuwa mwamba. Ubora wake unategemea gundi iliyoushika: gundi ikiwa chache, mwamba unashika na kuachia karibu kama mchanga, ikijaa, unabaki na asilimia 5 ya nafasi na kutegemea nyufa. Faida yake ni kwamba hausumbui kwa kumwaga mchanga, una unene wa mamia ya mita mahali pengi, na unatoa kwa utulivu. Kwa kisima cha mji cha kudumu, mimi ningeuweka juu ya chokaa bila kusita.

Swali la kuuliza ni umri wa maji. Jiwe la mchanga la Nubia, lililo chini ya Misri, Libya, Sudan na Chad, limejaa maji yaliyozama Sahara ilipokuwa na mvua, maelfu ya miaka iliyopita. Libya iliyavuta kwa mradi wake wa Mto Mkubwa Uliotengenezwa na kuyapeleka pwani. Ni maji mazuri, ila mvua ya leo hairudishi chochote cha maana. Ukichota hapo, panga ukijua hivyo.

Chokaa: tajiri asiyetabirika

Mvua hubeba hewa ya ukaa kutoka angani na udongoni, ikawa asidi hafifu, na asidi hiyo hula chokaa. Ufa mwembamba unapanuka, unakuwa mfereji, mwishowe pango. Mammoth Cave ya Kentucky, Marekani, imeshapimwa zaidi ya kilomita 600 za njia zilizochimbwa na maji kwa mtindo huu. Kwenye rasi ya Yucatán nchini Meksiko mito ya juu ya ardhi karibu haipo. Maji yote yamezama, na watu huyafikia kwenye mashimo makubwa yaliyotokana na paa za mapango kuporomoka.

Kwa mchimbaji maana yake ni kamari. Toboa ukakutane na mfereji, una maji ya kutosha kiwanda. Sogea mita 20, unaambulia mwamba mkavu. Tena chokaa zenyewe hazifanani. Chokaa laini nyeupe ya kusini mwa Uingereza ina nafasi tupu ambayo inaweza kufika asilimia 40, lakini mianya yake ni midogo mno. Maji yanayoachiwa ni kama asilimia 1 tu ya ujazo wa mwamba, karibu yote kupitia nyufa. Bado inalisha watu wengi huko, kwa sababu nyufa hizo zimeenea na tabaka ni nene.

Kinachonitia hofu zaidi ni uchafu. Mchanga huchuja vijidudu kwa sababu maji yanapita taratibu kati ya punje nyingi. Mfereji wa chokaa hauchuji kitu. Mwezi Mei 2000, katika mji mdogo wa Walkerton, Ontario, nchini Kanada, mvua kubwa iliingiza bakteria wa samadi kwenye kisima kifupi kilichokuwa kwenye mwamba wenye nyufa wa jamii ya chokaa, na dawa ya kuua vijidudu haikusimamiwa ipasavyo. Watu 7 walifariki na zaidi ya 2,300 waliugua. Kipimo cha haraka cha kienyeji kipo: chemchemi au kisima kinachobadilika rangi saa chache baada ya mvua kinakuambia kuwa maji yanatoka juu moja kwa moja. Hayo usiyanywe bila kuyatibu, hata yakionekana meupe siku nyingine zote.

Ugumu wa maji ni suala dogo ukilinganisha na hilo: sabuni haitoi povu na birika linaota ukoko. Unazoeleka.

Kwenye visiwa na pwani zenye mwamba wa matumbawe, ambao nao ni chokaa, kuna sharti jingine. Maji baridi huelea juu ya maji ya bahari chini ya ardhi, kwa kuwa ni mepesi kidogo. Badon Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, kila mmoja kivyake, walikokotoa uwiano: kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna takribani mita 40 za maji baridi. Igeuze hesabu hiyo uone ukali wake. Ukivuta ukashusha usawa kwa nusu mita, baada ya muda chumvi inaweza kupanda mita 20. Hapo kisima kirefu si ushujaa. Afadhali visima vifupi kadhaa vinavyovutwa polepole.

Graniti na miamba migumu: mahali penye makosa mengi

Graniti na naisi (mwamba mgumu unaofanana nayo, wenye mistari) ikiwa nzima haina mianya ya maana. Mita ya ujazo inaweza isifikishe lita 10 za maji, zote zikiwa kwenye nyufa. Hata hivyo sehemu kubwa ya Afrika, kusini mwa India na Brazili imekaa juu ya miamba hii, na mamilioni ya watu hunywa kutoka humo. Kinachowaokoa ni kwamba mwamba huo umeoza.

Kaa karibu na mtambo wa kuchimba uangalie vifusi. Mchimbaji makini hutenga fungu moja la vumbi na vipande kwa kila mita, akavipanga kwa safu chini. Mafungu ya kwanza ni mekundu, udongo wa juu. Yanafuata ya rangi iliyofifia, meupe au ya njano, yananata ukiyalowesha: huu ni mwamba uliogeuka kuwa udongo, unashika maji mengi ila unaachia kwa ubahili. Ukishuka zaidi vipande vinakwaruza, unaona punje za kwatzi na vimeta vya maika, maana mwamba umevunjika bila kuwa udongo kamili. Hapo ndipo pazuri. Chini yake vinatoka vipande vya kijivu au waridi vyenye ncha kali, mwamba mzima, na kati ya hivyo utafute vile vyenye kutu ya kahawia upande mmoja. Kutu hiyo ni alama kwamba upande ule ulikuwa ukuta wa ufa ambao maji yamepita.

Basi mfumo mzuri wa graniti una sehemu mbili zinazotegemeana. Mwamba uliooza ni ghala, ufa ulio chini yake ni njia. Ufa una nguvu za ajabu: ukipanuka mara mbili tu, maji yanayopita kwa msukumo uleule huongezeka mara nane. Lakini ufa usio na ghala juu yake hutoa kwa fujo siku ya kwanza, kisha unaisha. Ndiyo sababu kisima kilichotobolewa kwenye mwamba mtupu wa mwinuko kinaweza kuwafurahisha watu siku ya kuzinduliwa na kuwaaibisha kabla ya mvua zinazofuata. Kwa kawaida bonde lenye mwamba uliooza kwa kina lina matumaini zaidi.

Kosa la pili ni kuendelea kuchimba kwa matumaini. Nyufa hupungua na kubanwa kadiri unavyoshuka. Ukifika mita 80 au 100 mkavu, mara nyingi fedha iliyobaki inafaa zaidi kuhamishia shimo jingine kuliko kuongezea mita hapo hapo.

Kosa la tatu ni kusahau kisima kipana. Hesabu yake iko wazi: kisima cha mkono chenye kipenyo cha mita 1.5 hushika takribani lita 1,770 kwa kila mita ya maji. Shimo la mtambo la sentimita 15 hushika kama lita 18. Mahali ambapo mwamba uliooza unadondosha taratibu usiku kucha, kisima kipana kinakusanya wakati watu wamelala, na asubuhi kuna mzigo wa kuchota. Chembamba hakina pa kukusanyia.

Visima vingi vya mwamba huu hutoa kati ya lita 0.1 na lita 1 kwa sekunde. Pampu ya mkono inaridhika na kama lita 1,000 kwa saa, kwa hiyo kijiji kinaweza kuishi vizuri. Kilimo cha umwagiliaji cha ekari nyingi, hapana.

Kipimo cha ukinzani wa umeme husaidia kutafuta mahali palipooza kwa kina, kwa kuwa mwamba uliolowa hupitisha umeme kuliko mzima. Kinaweza pia kukudanganya, maana mfinyanzi mzito nao hupitisha vizuri sana. Namwamini zaidi mtaalamu anayetembea kwanza, akatazama miamba iliyojitokeza na mkao wa mabonde, ndipo akafungua kifaa.

Kuhusu kujazwa tena, bonde la Makutupora karibu na Dodoma, Tanzania, lina kumbukumbu za usawa wa maji tangu miaka ya 1950. Zinaonyesha kuwa mwamba huo wa graniti iliyooza hujazwa kwa wingi katika misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, kisha hushuka miaka mingi. Mvua ya wastani ya mwaka inaweza isizamishe kitu.

Jambo dogo la vifaa: maji ya miamba hii mara nyingi ni ya asidi kidogo na hula mabomba ya chuma ya pampu. Maji yakawa mekundu, watu wakalaumu ardhi. Mara nyingi ni bomba. Plastiki au chuma kisichoshika kutu humaliza tatizo.

Lava na majivu ya volkano

Lava moja nene iliyopoa taratibu haina tofauti kubwa na graniti. Lava nyingi nyembamba zilizopangana ni habari nyingine. Uso wa kila mtiririko umevunjika vipande kabla unaofuata haujaja juu yake, na kwenye makutano hayo ndimo maji yanamopita. Milima ya Chyulu nchini Kenya karibu haina vijito, kwa sababu mvua huzama mara moja kwenye majivu na lava changa. Maji yale hutokea chemchemi za Mzima, umbali wa makumi ya kilomita, na sehemu yake hupelekwa Mombasa kwa bomba.

Lava kongwe ni tofauti: nyufa zimejaa madini na mfinyanzi, majivu yamegeuka tope. Maeneo ya volkano, hasa Bonde la Ufa, yana pia shida ya floraidi, madini yaliyoyeyuka majini ambayo yakizidi huharibu meno. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi haina rangi, harufu wala ladha ya kukushtua. Meno ya watoto ndiyo hutoa habari, tena kwa kuchelewa. Kwenye lava, mimi nisingelipia kesingi kabla ya kupima maji.

Kwa jicho moja

| Ardhi | Nafasi tupu (%) | Inavyoachia maji | Cha kuogopa |
|---|---|---|---|
| Changarawe | 25–40 | Kwa wingi, upesi | Kuchota kuliko kinachorudi |
| Mchanga | 25–50 | Vizuri | Mchanga kisimani |
| Mfinyanzi | 40–70 | Karibu hauachii | Ardhi kudidimia |
| Jiwe la mchanga | 5–30 | Taratibu, kwa utulivu | Maji ya kale yasiyojazwa |
| Chokaa yenye mapango | 5–50 | Mengi au hakuna | Vijidudu. Chumvi pwani |
| Basalti (mwamba wa lava) yenye nyufa | 5–50 | Kwenye makutano ya lava | Floraidi |
| Graniti yenye nyufa | 0–10 | Kidogo, kwa kutegemea ghala la juu | Kuishiwa kiangazi |

Uchague vipi

Kama hitaji ni maji ya kunywa ya kaya chache, usikimbilie tabaka linalotoa sana. Mchanga wenye mfinyanzi juu yake, au graniti iliyooza vizuri, unatosha na ni salama kuliko chokaa iliyo wazi. Hitaji likiwa umwagiliaji, graniti iondoe kwenye orodha, utafute changarawe ya bondeni au lava changa, na uulize mvua inarudisha kiasi gani kabla ya kununua pampu kubwa. Kwa mji, jiwe la mchanga nene au changarawe nene. Chokaa ikubalike pale tu panapo mtambo wa kutibu maji na mtu wa kuusimamia kila siku.

Ukiwa na matabaka mawili chini ya kiwanja kimoja, usiyaunganishe kwa shimo moja lisilozibwa. Tabaka la juu lililochafuka litamwaga uchafu wake kwenye la chini kupitia kisima chako, na utakuwa umeharibu maji ya majirani pia. Ziba kwa saruji au bentonaiti (mfinyanzi unaovimba ukilowa) nyuma ya kesingi.

Na kabla ya kumlipa mchimbaji salio lake, dai jaribio la kupampu, tena la saa nyingi. Kiasi anachokutajia siku ya kumaliza, akiwa anapuliza maji kwa kompresa, ni cha dakika chache. Kwenye mchanga usawa hushuka haraka mwanzoni kisha unatulia, na saa chache zinaweza kukupa picha. Kwenye mwamba wa nyufa unaweza kushuka pole pole saa kumi nzima, halafu ukaporomoka ghafla ukivuka ufa mkuu. Kwa hiyo endesha saa 24 au zaidi, ukiandika usawa kila mara, na pampu uiendeshe kwa kiwango kinachouacha usawa juu ya ufa huo. Ukizima, endelea kupima. Usawa usiporudi ulipokuwa ndani ya muda sawa na ule uliopampu, ghala lako ni dogo, na pampu ipunguzwe kabla haijafungwa.